Staa ni kioo cha jamii, ila kioo hakionyeshi mgongo

Novemba 2023 Pierce Brosnan, yule aliyecheza James Bond miaka ya tisini, alienda kutembea Yellowstone kule Marekani, akafika kwenye yale matuta meupe ya chokaa ya Mammoth, akatoka nje ya njia, akasimama juu yake, picha zikapigwa, zikaenda insta. Picha nzuri tu, mtu mzima kwenye weupe mtupu. Shida ni kwamba pale haparuhusiwi kukanyagwa. Machi 2024 akakiri kosa, akapigwa faini ya dola 500 na kuambiwa atoe dola 1,000 nyingine kwa taasisi inayochangia hifadhi, akaomba radhi na kuwaambia mashabiki wabaki njiani.

Wengi walicheka, eti Bond kanaswa kwa kukanyaga mawe. Ila ukijua kilichoko chini ya mawe ya aina ile hucheki. Kwenye maeneo ya chemchemi za moto ganda la juu linaweza kuwa jembamba sana na chini yake kuna maji ya kuunguza, unakanyaga mguu unazama, au unazama mwenyewe mzima, na watu zaidi ya 20 wanajulikana kufa kwa kuungua kwenye chemchemi za hifadhi ile. Ndo maana wamejenga vijia vya mbao. Sasa rudi kwenye picha ya Brosnan uiangalie tena: hakuna anayeungua mle. Kuna staa tu kapendeza. Na mada yote ya leo imelala hapo hapo.

Maana kila staa akifanya kitu cha hivi swali linalorudi ni lilelile, je mastaa wanapaswa kuwa mfano wa kuigwa kwenye usalama wa huko nje? Kwa "huko nje" namaanisha milimani, majini, porini, kwenye theluji, juu ya farasi, popote ambapo ukikosea hakuna mtu wa karibu wa kukuokota. Mi naona swali lenyewe limefungwa vibaya, yani ni vitu vitatu vinne vimesokotwa pamoja na ndo maana watu wakianza kubishana hawamalizi, huyu anaongelea haki ya staa, huyu anaongelea watoto, huyu anaongelea helmeti. Ngoja tulifumue taratibu.

Hawakuomba, ila ndo hivyo

Mwaka 1993 Charles Barkley, mcheza kikapu, alitokea kwenye tangazo la viatu akasema wazi kwamba yeye si mfano wa kuigwa, wazazi ndo wawe mfano, kujua kwake kudanki hakumfanyi awe wa kumlelea mtu mtoto. Hoja kali na ina ukweli wake. Mwenzake Karl Malone akamjibu kwenye jarida la michezo kwamba bwana hilo jambo huchagui wewe, unachaguliwa, kinachobaki mkononi mwako ni kuwa mfano mzuri au mbaya. Zaidi ya miaka 30 imepita na ubishi bado ni uleule, majina tu yanabadilika.

Ukiangalia jinsi binadamu anavyojifunza, Malone ndo yuko karibu na ukweli. 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akilipiga lidoli likubwa la kujazwa upepo, halafu watoto wakaachwa na lidoli. Wakalipiga vilevile, kwa staili ileile, hadi maneno aliyokuwa akisema yule mtu mzima wakayarudia, na hakuna aliyewaambia fanyeni. Ila kipande ninachokipenda zaidi ni cha baadaye, 1965, ambapo watoto wengine walimuona yule mpigaji akiadhibiwa, na hao waliiga kidogo. Yani tunaiga kinachoonekana, na tunapunguza kuiga pale tunapoona bei yake. Sasa simu inakuletea kitendo mara mia kwa siku na bei hailetwi hata siku moja, unategemea nini?

Na kuna ile hali ambayo Donald Horton na Richard Wohl waliielezea tangu 1956, zama za TV za mwanzo kabisa, kwamba mtazamaji anaanza kujisikia ana urafiki na mtu wa kwenye skrini, na huyo wa kwenye skrini hamjui mtazamaji wala hajawahi kusikia jina lake. Urafiki wa upande mmoja. Kama urafiki huo ulikuwepo enzi zile za mtangazaji mwenye tai, fikiria leo ambapo staa anakuonyesha anavyoamka, anavyopiga mswaki, anavyogombana na mbwa wake. Huyo si mgeni tena, ni mshkaji. Na mshkaji akiruka kwenye maji, na wewe unavua viatu.

Kwahiyo hilo la "wanapaswa au hawapaswi" mi naliweka pembeni mapema, tayari ni mfano, watake wasitake. Tuna huu msemo wa msanii ni kioo cha jamii, tunautumia zaidi kumgombeza msanii akivaa vibaya, ila uchukue kama ulivyo: kioo. Kioo kinaonyesha mbele. Mgongo hakionyeshi. Na kwenye mambo ya mlima na maji, uhai wa mtu unakaa mgongoni mwa picha.

Mgongo wa picha

Chukua Alex Honnold. Tarehe 3 Juni 2017 alipanda ukuta wa El Capitan, hifadhi ya Yosemite Marekani, mwamba wa kama mita 900 kwenda juu, peke yake bila kamba, kwa saa 3 na dakika 56. Filamu yake ikachukua Oscar 2019. Ukitazama klipu fupi unamuona kijana wa fulana anapanda kama anapanda ngazi za nyumbani kwao. Kinachokuwa mgongoni: aliufanyia mazoezi ule ukuta kwa kamba mara nyingi, zaidi ya mwaka, akakariri wapi anaweka kidole na wapi anaweka ncha ya kiatu, na kabla ya hapo kuna miaka karibu ishirini ya kupanda. Halafu kubwa zaidi, alishajaribu vuli ya 2016, akaanza kupanda gizani, akajisikia haiko sawa, akaacha, na kamera zikiwa zimeshapangwa zinamsubiri. Kwangu ile ndo sehemu ya kuigwa kwenye story nzima, mtu kageuza mbele ya timu nzima ya kamera. Ila nani anaposti klipu ya mtu anarudi? Ukiiga tembo kunya utapasuka msamba, wahenga walishalisema, tatizo ni kwamba siku hizi tembo anaonyeshwa kwa sekunde kumi na tano na huoni ukubwa wake.

Hata wadhamini walishaligundua. 2014 kampuni ya vitafunio ya Clif Bar iliachana na wapandaji kadhaa, Honnold akiwemo, na Dean Potter pia, kwa maelezo kwamba haitaki kunufaika na kiwango kile cha hatari. Watu walibishana sana, wengine wakaita unafiki maana kampuni hiyohiyo ilishawatumia kwenye matangazo. Mei 2015 Potter alifariki palepale Yosemite, kwenye kuruka kwa vazi la mabawa kutoka juu ya mwamba. Hilo halikumaliza ubishi. Honnold yeye yupo.

Bear Grylls ni mfano mwingine, na huyu ana pande mbili kwelikweli. Mwanajeshi wa zamani, Everest alipanda 1998, kipindi chake cha kuishi porini kikaangaliwa dunia nzima, anakula wadudu, anakunywa mkojo wake, anajirusha kwenye mito. 2007 ikaja kujulikana kwamba usiku mwingine wakati wa kurekodi alilala hotelini na baadhi ya mambo yaliandaliwa na timu, kipindi kikaanza kuweka maelezo kwamba anapata msaada na mazingira mengine yametengenezwa. Watu walikasirika kama wameibiwa. Mi hata sikushangaa, ni TV bana, kuna mtu wa kamera amesimama pale anakula biskuti. Linalonisumbua ni lingine, kwamba maelezo yale ya maandishi madogo yalitakiwa kushindana na picha ya mtu anaruka kwenye maporomoko, na picha inashinda siku zote. Ukipotea porini kwa kweli ushauri wa wataalamu wengi ni wa kuchosha kabisa, kaa ulipo, jikinge na baridi au jua, fanya uonekane, na mkojo usinywe kwa sababu una chumvi itakayokuongezea ukavu. Nani atatazama dakika 45 za mtu amekaa chini ya mti akipuliza filimbi? Halafu cha kuchekesha, huyohuyo Grylls 2009 akawa kiongozi mkuu wa maskauti Uingereza, akakaa hapo miaka kama 15, na mle kwenye uskauti mtoto hapelekwi mlimani hovyo, kuna fomu, kuna viongozi waliofunzwa, kuna taarifa ya mnaenda wapi na mnarudi saa ngapi. Mtu mmoja, mifano miwili. Uliyoiona ni ipi?

Ukijua moja si lazima ujue yote

Kuna kitu watu wa theluji wanakiongelea sana. Mtafiti Ian McCammon alipitia ajali 715 za maporomoko ya theluji za Marekani, akataka kujua kwa nini watu wenye mafunzo kabisa wanaingia kwenye mteremko ambao dalili za hatari ziko wazi. Alikuta mitego kadhaa ya akili, na mmoja ni ule wa kumuona mtu fulani kwenye kundi ana nuru ya utaalamu, anajiamini, mkubwa kiumri au anajua kuteleza vizuri, basi wote wanamfuata bila kuuliza kama anajua habari za theluji yenyewe. Kujua kuteleza ni kitu kimoja, kuisoma theluji ni kitu kingine.

Sasa ustaa ni hiyo nuru ikiwekwa spika. Mtu anaimba vizuri, tunamuamini kwenye ngalawa. Mtu anacheza filamu za kijeshi, tunadhani anajua dira.

Martina Navratilova hakuwa staa wa kuigiza, alikuwa mwanamichezo haswa, mataji ya tenisi ya kumwaga, mwili wa chuma. Desemba 2010, akiwa na miaka 54, alikuwa anapanda Kilimanjaro kwa ajili ya hisani na huko juu mapafu yakaanza kujaa maji, ule ugonjwa wa mwinuko wanaouogopa waongozaji wote. Wapagazi wakamshusha, akapelekwa hospitali Nairobi, akapona. Somo lililomo ni kubwa kuliko yeye: kuwa fiti hakukukingi na mwinuko, tena watu fiti ndo wanaoweza kuumia zaidi kwa sababu miguu inawaruhusu kwenda haraka kuliko damu inavyozoea hewa nyembamba. Dawa ya kwanza ni kushuka. Alishuka, na huo ndo mfano. Ila kwenye stori za mjini ukimtaja utasikia "hata Navratilova alishindwa", kama vile kushuka ni kufeli.

Na uzoefu nao una mwisho wake. Julian Sands, muigizaji wa Uingereza, alikuwa mpenzi wa milima wa miaka mingi, si wa juzi. Tarehe 13 Januari 2023 alienda peke yake mlima Baldy karibu na Los Angeles, kipindi cha dhoruba na barafu, hakurudi, mabaki yake yakaja kuonekana Juni. Siwezi kusema alikosea wapi maana hakuna aliyekuwepo. Naweza kusema tu kwamba mlima haukuangalia alicheza filamu ngapi wala alishapanda mara ngapi.

Wakiingia wengi

Hapa kuna kitu tofauti kidogo ambacho huwa kinasahaulika. Sehemu nyingine ya hatari haitokani na kuiga kitendo, inatokana na kuiga sehemu. 2015 Justin Bieber alitoa video aliyorekodi Iceland, anakimbia kwenye kuta za korongo la Fjaðrárgljúfur, anakaa ukingoni miguu inaning'inia, anaoga kwenye ziwa la barafu na chupi. Mamia ya mamilioni wakaitazama. Miaka michache baadaye korongo lile ambalo zamani halikuwa na umaarufu mkubwa likawa linapokea watu kama 280,000 kwa mwaka, uoto wake laini wa kijani unaochukua miaka mingi kuota ukakanyagwa hadi matope, na 2019 mamlaka wakalifunga kwa miezi. Walinzi walisimama getini kuwazuia watu.

Na lile la kuoga kwenye barafu, ngoja niseme kidogo maana hapa watu hufa kimya. Ukiingia ghafla kwenye maji ya baridi kali mwili unashtuka, unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama mdomo uko chini ya maji wakati huo umeshameza. Wataalamu wa baridi wana kanuni ya moja, kumi, moja: dakika 1 ya kuituliza pumzi, dakika kama 10 ambazo mikono bado inakusikiliza, halafu kama saa 1 kabla baridi haijakuzimisha kabisa. Yani wengi hawafi kwa kuganda kama tunavyodhani, wanakufa mwanzoni, wakiwa bado wanajua kuogelea. Kwenye video Bieber anatoka kapendeza, kuna watu wa timu, naamini kuna na mataulo na gari la joto nje ya fremu.

Alaska nako kulikuwa na lile basi bovu, basi namba 142, ambamo Chris McCandless, kijana aliyeenda kuishi porini peke yake, alifia 1992 na baadaye kitabu na filamu vikamfanya maarufu akiwa marehemu. Watu wakaanza kwenda kuhiji. Njiani kuna mto Teklanika unaojaa ghafla, wawili wakafa wakijaribu kuuvuka, mmoja 2010 mwingine 2019, wengine wengi wakaokolewa, mpaka Juni 2020 wakaleta helikopta wakaling'oa lile basi na kuondoka nalo. Fikiria, imebidi kitu kibebwe angani ili watu waache kukifuata. McCandless mwenyewe hakuwahi kuposti chochote.

Kuhusu selfi nitasema sentensi moja tu: utafiti mmoja ulihesabu vifo 259 vya watu waliokufa wakijipiga picha kati ya Oktoba 2011 na Novemba 2017, na chanzo cha kwanza kilikuwa kuzama, wala si kuanguka kama wengi tunavyokisia.

Wakiumia wao

Kuna watu wanasema staa anafundisha zaidi akiumia kuliko akihubiri. Kuna ukweli, ila somo linalobaki mara nyingi silo.

Machi 2009 muigizaji Natasha Richardson alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji, mteremko wa wanaoanza, Mont Tremblant kule Kanada. Hakuwa na helmeti. Aliinuka, akawa anaongea vizuri, anatania, gari la wagonjwa likaja likarudishwa. Baada ya muda kichwa kikaanza kumuuma. Siku mbili baadaye alifariki, miaka 45, damu ilikuwa imevuja kati ya fuvu na utando wa ubongo. Dunia yote ikaanza kuongelea helmeti, ambayo ni sawa, ni vizuri, wavaaji walikuwa wanaongezeka na wakaendelea kuongezeka, huko Marekani kutoka kama robo ya watelezaji msimu wa 2002/03 hadi kama asilimia 70 msimu wa 2012/13. Ila somo zito zaidi lilipita pembeni: mtu aliyepigwa kichwani anaweza kuwa sawa kabisa kwa saa nzima na huku ndani damu inajaa. Madaktari wana jina la kile kipindi cha utulivu, na ni kipindi cha hatari kwa sababu kinamdanganya mgonjwa na waliomzunguka. Kichwa kikipigwa, mtu aangaliwe, hata kama anacheka. Hilo huliuzi dukani, labda ndo maana halikusambaa.

Na helmeti nayo isigeuzwe hirizi. Desemba 2013 Michael Schumacher, dereva wa Formula 1, akiteleza kwenye theluji aliingia kwenye eneo lisilotengenezwa kati ya njia mbili huko Méribel Ufaransa, akaanguka, kichwa kikagonga mwamba. Alikuwa nayo helmeti. Madaktari walisema bila ile asingefika hospitali, na pamoja nayo bado aliumia vibaya mno. Helmeti za theluji hupimwa kwa mgongano wa kama kilomita 22 kwa saa, na mtu wa kawaida anayeteremka vizuri anaweza kwenda kama mara mbili ya hapo. Inasaidia sana kwenye kuanguka kwa kawaida, haikupi ruhusa ya chochote.

Julai 2020 muigizaji Naya Rivera alikodi boti na mwanae wa miaka minne kwenye ziwa Piru, California. Mtoto alikutwa peke yake ndani ya boti, amevaa laifujaketi. Laifujaketi ya mtu mzima ilikuwepo pia, humohumo, haijavaliwa, na mama alikuwa amezama. Naandika hili kwa heshima maana ni msiba wa mtu, na aliyebaki ni mtoto. Ila wazazi wote tunajua hii tabia, kumfunga mtoto vizuri, kumkagua kamba, halafu wewe mwenyewe unaweka pembeni kwa sababu wewe ni mkubwa unajua kuogelea. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na maji hayaulizi umri.

Halafu muigizaji Jeremy Renner, Januari Mosi 2023, Nevada, mtambo wa kusukuma theluji wa tani kama sita na nusu ukampitia juu, mifupa zaidi ya 30 ikavunjika, akapona na sasa anatembea. Ripoti ya polisi ilisema alishuka bila kuweka hendibreki. Aliumia akijaribu kuuzuia usimfikie mpwa wake, kwahiyo magazeti yote yakaandika shujaa, na kweli ni ushujaa. Hendibreki ikabaki aya ya kumi na mbili. Kuna msemo wetu wa "ajali haina kinga" ambao mi naona umeshaua watu wengi kuliko unavyofariji. Ina kinga, mara nyingi iko pembeni tu ya kiti.

Kofia ya Dujardin

Sasa nikiulizwa staa gani alifanya kazi ya usalama vizuri kuliko wote, sitaji mtu aliyetoa hotuba. Namtaja Charlotte Dujardin, Muingereza wa mashindano ya kumchezesha farasi. Mchezo ule kwa miaka na miaka ulikuwa wa kofia ndefu nyeusi za kitajiri, helmeti ilionekana ya watoto wa mazoezi. 2010 mpanda farasi wa Olimpiki wa Marekani, Courtney King-Dye, alianguka mazoezini bila helmeti akakaa koma wiki kadhaa, akaja kuwa mpigania helmeti. Dujardin naye alishawahi kupasuka fuvu kwa kuanguka. London 2012 akaingia uwanjani na helmeti kichwani katikati ya zile kofia ndefu, akatoka na dhahabu mbili. Hakutoa hotuba, na hakukuwa na haja, maana hoja ya kwamba helmeti inaharibu muonekano ilikufa siku ile. Mwaka 2021 shirikisho la dunia la michezo ya farasi likafanya helmeti kuwa lazima kwa wote. (Malkia Elizabeth yeye alipigwa picha 2020, miaka 94, juu ya farasi mdogo na kitambaa kichwani kama kawaida yake. Nani angemwambia?)

Halafu 2024, siku chache kabla ya Olimpiki ya Paris, ikatoka video ya Dujardin akimchapa farasi mijeledi ya miguu mazoezini. Akajitoa, akafungiwa mwaka mmoja. Ungekuwa umemuiga yeye mzimamzima, siku ile ungebaki na nini? Uliyeiga helmeti, helmeti bado iko kichwani na bado inafanya kazi. Hapa ndo ninapotaka tufike: ukisema staa awe mfano, mfano wa nini hasa? Mtu ana siku nzima, ana hasira, ana ulevi, ana wadhamini. Tabia moja inaweza kutengwa naye ikaishi bila yeye.

Ndo maana nadhani wenzetu waliowahi kufanikiwa sana kwenye hili walitumia mastaa wasioweza kutuangusha. Marekani tangu 1944 wana Smokey, dubu wa kuchora mwenye kofia anayewaambia watu wazime moto wa kambini, akawa anapata barua nyingi hadi 1964 posta wakampa namba yake mwenyewe. Australia 1981 wakamleta ndege wa baharini wa katuni anayecheza na kuimba kuhusu kuvaa shati, kupaka losheni ya jua na kuvaa kofia, kizazi kizima kikaukariri. Dubu hatakamatwa amelewa. Huyo ndege hataposti picha akiwa ukingoni mwa korongo. Halafu miaka mingi baadaye Hugh Jackman, Muaustralia mwenyewe, 2013 akaposti picha yake na bandeji puani baada ya kutolewa saratani ya ngozi akiwaambia watu wapake losheni, na ile ilipenya kwa sababu ilikuwa kinyume cha kawaida, staa kaonyesha mgongo wa kioo, pua imefungwa, hajapendeza.

Kwahiyo mi staa simdai ushujaa wala elimu ya uokoaji. Namdai fremu. Kama ulikuwa na kamba, acha kamba ionekane. Kama ulirudi kabla ya kilele, posti ulivyorudi. Kama kulikuwa na daktari na boti mbili pembeni, geuza kamera sekunde tatu. Na sisi huku upande wa kutazama, kabla hujavua viatu, jiulize aliyeshika kamera alikuwa amesimama wapi.

Ila mwisho wa siku kilichonibadilisha mimi hakikuwa staa. Tulikuwa nane kwenye boti, vijana, simu mkononi. Laifujaketi zilirundikwa chini ya benchi, za rangi ya chungwa iliyopauka, zinanuka ukungu, mmoja wetu alishaifanya mto. Hakuna aliyetaka kuvaa, tungeharibu picha. Nahodha, mzee fulani hivi, hakutuambia kitu. Aliinama akachukua ya kwake, kibano kimoja kilishavunjika kwahiyo akafunga mikanda fundo, akavuta kuhakikisha, akakaa. Injini hakuiwasha. Tukasubiri, tukamuangalia, akaangalia maji. Dada mmoja akavaa. Kisha mwingine. Yule wa mto akaipukuta akavaa mwisho, ananung'unika, ndo mzee akavuta kamba ya injini. Kwenye picha za siku ile wote tumevimba kama maboga, hakuna hata moja ya maana. Niliziposti hivyohivyo.